Bolti ya Nne ya Kava la Kushoto

Kwa miaka kumi na moja Uel Haslett aliwaambia watu kwamba mimi ndiye niliyemuua mwanawe. Aliwaambia kanisani, dukani, kwenye mnada wa ng'ombe, na mara moja kwenye foleni ya daktari nikiwa nimekaa viti viwili nyuma yake. Hakuwahi kupaza sauti. Alinitaja kama mtu anavyotaja mvua. "Huyo hapo nyuma ni Norris Gault," alisema. "Ndiye aliyemfungia Clive wangu paipu ya breki."

Na paipu niliifunga mimi, sikatai. Niliifunga Alhamisi ya wiki ya mbio za pikipiki, nikaipitisha mahali pake, nikaibana, nikatoa hewa, nikaijaribu mara ishirini. Jumamosi, mzunguko wa tatu, Clive alishika breki akiingia kona ya kanisa la zamani, na breki hakuikuta. Pale kuna ukuta wa mawe. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na alikuwa wa karibu kwangu kuliko ndugu niliozaliwa nao. Mkaguzi wa polisi aliiambia mahakama ya uchunguzi wa kifo kwamba paipu ilisuguana na kitu kigumu mpaka ikatoboka. Kitu gani, hakukiona. Mji wetu wote wa Derrymoyle ukamalizia wenyewe: Norris aliipitisha vibaya.

Gereji yangu ilikufa ndani ya miezi minne. Siku hizi natengeneza mashine za kukatia nyasi, na hata hizo watu huniletea kwa mlango wa nyuma. Kila wiki ya mbio ilipofika, kuna mtu alinitundikia kipande cha paipu ya breki getini. Miaka kumi na moja, vipande kumi na moja. Sikumjua na sikumvizia. Nilikitoa, nikakitupa kwenye pipa, nikaingia ndani kunywa chai yangu.

Unajua kilichonitafuna zaidi? Niliwaamini. Mtu akiambiwa jambo moja miaka yote hiyo, mikono yake mwenyewe inaanza kumsaliti. Niko na mashine ya nyasi mezani, naiona ile paipu, naiona imekaa vizuri, halafu naiona imekaa vibaya, mpaka sikujua tena ipi niliiona kweli. Nilichotaka duniani kilikuwa kimoja tu, kujua. Na kama sikukosea, basi Derrymoyle nayo ijue.

Mwaka jana, mwezi wa saba, akaja Thelma Purdy. Thelma ni katibu wa klabu ya mbio, mama mwenye daftari kwapani na mdomo usiojua kupumzika.

"Norris, usinifungie mlango," alisema, na mguu wake tayari ulikuwa ndani. "Klabu inataka pikipiki ya Clive isimame kwenye mstari wa kuanzia Jumamosi ya mbio. Kumkumbuka. Tumempatia gurudumu jipya la mbele, tumemtengenezea kava jipya la kulia na la mbele, yale maganda ya kukata upepo, maana ya zamani yalisagika ukutani. Sasa hayakai. Mafundi wawili wameshindwa."

"Basi mtafute wa tatu."

"Vishikizo vya makava yale ulivichonga wewe kwa mkono. Hakuna mwingine anayejua vinavyokaa."

"Na Mzee Uel anasemaje?"

"Anasema afadhali iozee bandani. Lakini ufunguo wa banda si wake, ni wa mkewe, Iris, na Iris amesema uje." Thelma akaangalia daftari lake ingawa hapakuwa na cha kusoma. "Amesema pia usimsalimie."

Nilikubali. Nilijiambia nafanya kwa ajili ya Clive, na huo ulikuwa uongo mtupu. Nilitaka kuiona pikipiki ile kwa macho yangu.

Hapa kwetu pikipiki ya aliyeanguka hurudishwa nyumbani kwa gari lake mwenyewe, na haiguswi mpaka azikwe. Ndiyo desturi. Hata polisi waliisubiri ya Clive siku tatu. Walipomaliza kuikagua wakaondoka na gurudumu la mbele na paipu, na Iris, mama yake Clive, akafunga banda siku hiyohiyo. Ufunguo akauvaa shingoni pamoja na miwani yake. Tangu hapo hakuingia mtu isipokuwa yeye na kitambaa chake cha kufutia vumbi. Hata mumewe hakuruhusiwa, kwa sababu mara ya mwisho alipoingia alitoka analia mpaka akashindwa kusimama, hivyo ndivyo Iris alivyoeleza watu.

Alhamisi saa tatu asubuhi alinifungulia geti bila kunitazama, akarudi jikoni kwake. Uel, aliyeruhusiwa siku hiyo ili anichunge, alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya banda, blanketi magotini, mikono juu ya blanketi. Baridi yabisi ilikuwa imevipinda vidole vyake vyote upande mmoja. Zamani mtu huyu alikuwa anafunga injini nzima kati ya chai na chakula cha mchana, na sasa hata kifungo cha shati alifungwa na mkewe.

"Fundi mkuu amefika," alisema. "Leo utamuua nani?"

"Habari ya asubuhi, Mzee."

"Ilikuwa nzuri."

Nikavua shuka. Kijani na rangi ya maziwa, namba arobaini na moja, upande wa kushoto mzima kabisa kana kwamba Clive ameenda kuoga tu. Upande wa kulia hapakuwa na kitu, chuma tupu. Niliinama kutazama paipu ilipopita, na kama nilivyoogopa, palikuwa wazi. Polisi walichukua paipu yote.

Kisha nikaiona mistari ya rangi. Kwenye mbio, ukifunga bolti unaiwekea mstari wa rangi kutoka kichwani mpaka kwenye kava. Bolti ikilegea mstari unakatika, na mkaguzi wa mbio anakuona mjinga mbele ya watu. Sisi tulitumia rangi ya kucha ya Iris. Alitupa chupa mbili, nyekundu yangu, nyeupe ya mumewe, ili ijulikane nani kafunga nini. Clive alikuwa akisema pikipiki yake imepambwa kuliko mama yake. Na Iris alikuwa akicheka, enzi hizo alicheka sana.

Siku ile yote nilipigana na kava la kulia. Matundu hayakukutana na vishikizo, nikayapanua kwa tupa. Kingo zilipanda juu ya kava la mbele, nikazisugua. Na muda wote Uel alikuwa hapo kwenye kiti chake, ananitupia maneno kama anayemtupia kuku mahindi.

"Polepole, fundi. Mwenye pikipiki hana haraka."

Nikasugua ukingo.

"Angalia anavyoshika tupa. Iris angeishika vizuri zaidi."

Nikajaribu kava mahali pake, nikalitoa tena.

"Mkeo alikuacha mwaka gani vile? Ule wa pili au wa tatu? Nilimwambia Iris, yule mwanamke ana akili, hataki kulala na mikono ile."

Hapo nilisimama na tupa mkononi, na ninakiri kwamba nilipima umbali. Kisha nikaona vidole vyake juu ya blanketi, nikarudi kazini. Kumpiga kungempa raha kuliko chochote alichokula mwaka ule.

Jioni ilipoanza kuingia, kati ya kava jipya na la mbele palibaki mwanya unaopitisha kidole. Nikamwambia, "Kulia kumefika mwisho, Mzee. Lazima nilegeze kushoto ili yote yasogee pamoja."

"Kushoto hugusi."

"Makava ni kama shati, ukivuta upande mmoja..."

"Kushoto ndiko alikobaki mzima mwanangu." Alisema kwa sauti ya chini, na macho yakamlengalenga. "Weka mkono wako kulia. Kushoto hugusi."

Nikamwonea huruma. Ndiyo, mimi. Nilifunga zana zangu nikaenda nyumbani na huruma yangu.

Ijumaa kabla ya saa sita Iris alimletea mumewe chai. Mimi hakuniletea. Alipokuwa akitoka akasimama mbele ya pikipiki, akavaa miwani.

"Huu mwanya ni wa nini?" Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu kwa miaka kumi na moja.

"Kava la kushoto halijalegezwa, Mama Clive."

"Lilegeze."

"Mzee amekataa."

"Ufunguo uko kwa nani?" alisema, akaenda zake.

Kava la kushoto lina bolti nne. Tatu zilikuwa na mstari mwekundu, zangu, na zilikuwa zimeota kutu ya miaka. Nilizinywesha oili, nikazigonga vichwa taratibu kwa nyundo ndogo, nikapitisha hewa ya moto, nikasubiri. Bolti ya kutu haitaki ubabe, inataka uikalie na kuibembeleza. Ya kwanza ikalia, ikazunguka. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu ilinichukua nusu saa.

Ya nne, ya juu kabisa mbele, karibu na shokapu, sikuiona. Nilipapasa kwa kidole mahali inapokaa nikakuta pamejazwa putii, pakasuguliwa, pakapakwa rangi ya maziwa. Kazi safi, kazi ya mtu mwenye mikono. Si yangu.

"Hii aliiziba nani?" niliuliza.

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Siku ya mbio haikuwa hivi. Bolti hii niliifunga mwenyewe Alhamisi ile, na nikaiwekea mstari."

"Umeanza kukumbuka vya Alhamisi ile? Mbona mahakamani hukukumbuka?"

Nikachukua patasi. Putii ilidondoka vipande vitatu, na chini yake kichwa cha bolti kilikuwa kimeliwa. Lile tundu la pembe sita lilikuwa limekuwa duara, mtu alikuwa amezungusha ufunguo kwa nguvu mpaka ukateleza na kulisaga. Pembeni ya duara, rangi ya kucha. Nyeupe.

Mwanzoni haikuniingia. Nilifikiri tu kwamba Jumamosi ile asubuhi, mimi nikiwa kwenye matairi, Uel alifungua bolti hii moja kwa sababu yake, akaifunga tena. Hakuna kosa katika hilo. Nikatia drili.

"Liache," Uel alisema. "Utalipasua."

"Sitalipasua."

"Nimesema liache, mjinga wewe."

Nikaendelea kuchonga mfereji kwenye kichwa ili bisibisi ipate pa kushika. Na hapo akaita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Norris." Miaka kumi na moja alikuwa akiniita fundi, au huyo, au yule pale. "Norris, mwanangu. Basi. Mwanya si kitu, watu hawatauona."

Niligeuka nikamtazama. Alikuwa amesimama, blanketi limeanguka miguuni. Kisha akaondoka, fimbo mkononi, kumwita mkewe. Ua wa Haslett ni mpana na mzee anatembea kidogokidogo. Nilikuwa na dakika sita, saba.

Nilitia bisibisi kwenye mfereji, nikaikaza kwa koleo la kubana, nikaegemea kwa uzito wangu wote. Ikang'ang'ana. Nikaigonga, nikaipasha moto, nikaegemea tena. Mara ikapiga kelele ya chuma na kuachia. Niliizungusha polepole mpaka ikatoka yote kiganjani.

Bolti za kiwandani zina ncha laini. Hii ncha yake ilikuwa imekatwa kwa msumeno wa chuma, kwa haraka, upandeupande, na michirizi ya meno ilionekana. Mtu alikuwa amejaribu kuitoa, akashindwa, akaisaga kichwa. Akaamua kuipunguza urefu kwa ndani.

Sasa, kilichokatwa lazima kianguke. Na sheria ya mbio inataka kava la tumbo, lile la chini, liwe kama karai, lishike oili yote ya injini isimwagike barabarani. Linashika oili, na linashika kila kitu kingine. Nililala chini nikaingiza mkono. Oili ilikuwa imeganda kama lami. Nikapata kokoto, nikapata wosha, nikapata nyigu aliyekufa. Kisha nikapata kipande cha bolti, kirefu kama pingili ya kidole.

Nilikifuta kwa shati. Upande mmoja nyuzi zake zilikuwa zimelika zikang'aa, mahali paipu iliposugua kila Clive aliposhika breki na shokapu kuzama. Nikavikutanisha vipande viwili, msumeno kwa msumeno. Vikakaa. Nikavipeleka kwenye tundu, nikanyoosha kidole mahali nilipoipitisha paipu yangu Alhamisi ile. Bolti ya urefu sahihi isingeifikia hata kidogo. Hii ilikuwa inaichoma ubavuni.

Paipu yangu ilikaa vizuri. Nilifurahi. Nataka usikie vizuri, kwa dakika nzima nilifurahi kama mtu aliyefunguliwa jela, na Clive yuko kaburini. Uel alipoteza bolti yangu kwenye majani, akachukua yoyote kutoka kopo, ndefu kupita kiasi, akafunga, akaweka mstari wake mweupe. Hilo ningelimsamehe siku ileile. Wote tuna haraka asubuhi ya mbio. Ila alijua. Siku zile tatu watu wamejaa nyumbani wakikesha na maiti, yeye alikuwa bandani na msumeno. Kisha akatoka akaenda kuwaambia ni mimi.

Nilisikia fimbo uani. Sijui kwa nini nilikitia kile kipande kifupi mfukoni, mkono ulifanya wenyewe. Bolti niliibakiza kiganjani.

"Anaiharibu pikipiki ya mtoto, Iris," Uel alikuwa akisema. "Mwambie atoke."

Nilimfungulia Iris kiganja. Wake za watu wa mbio hawahitaji kufundishwa bolti, huyu aliwahi kuzihesabu kwa mkono gizani. Aliona rangi nyeupe. Akaigeuza, akaona michirizi ya msumeno. Akatazama tundu lilipo, akatazama shokapu, akavua miwani.

"Siku watu walipokesha naye," alisema, "ulitoka saa nzima. Nilisikia kitu kinakwaruza huku. Nikawaambia watu wasikufuate. Nilidhani unalia."

"Nilikuwa na haraka," Uel alisema. "Asubuhi ile. Nilikuwa na haraka tu, Iris."

Iris alimwokotea blanketi, akamtundikia begani. "Nenda ndani," akamwambia. "Chai yako inapoa."

Akaenda. Aliondoka kichwa chini kama mtoto aliyekaripiwa, na mimi nikasimama pale nikingoja. Nilikuwa nimelisubiri neno moja kwa mama huyu miaka kumi na moja. Ningeridhika na pole.

"Unazo bolti za urefu wake?" aliniuliza.

"Ninazo."

"Basi funga moja. Watu watakuja kuichukua saa kumi."

"Mama Clive, umeiona."

"Nimeiona." Aliitia bolti kwenye mfuko wa aproni. "Sasa funga."

"Nitawaambia watu."

"Waambie. Ulikuwa peke yako humu, na msumeno uko kwenye boksi lako. Nitasema uliikata leo. Wataamini nani?" Hakuwa na hasira hata chembe, alisema kama anayenielekeza njia ya dukani. "Mimi nimebaki na mtu mmoja, Norris. Namwosha, namvisha, namkatia nyama. Watu wakijua, atakufa wiki hiyohiyo, au hatakufa, na nitakaa naye ndani nikimtazama. Wewe watu wamekusema, wamemaliza. Wewe umeshazoea."

Nilitazama boksi langu, na msumeno ulikuwemo kweli.

"Na paipu getini hutaiona tena," aliongeza.

"Wewe unajuaje?"

"Kwa sababu nilikuwa naitundika mimi."

Nikafunga bolti. Unaweza kunicheka, lakini ungefanyaje? Nilizifunga zote nne, nikasogeza makava, na mwanya ukajifunga wenyewe, mstari wa kijani ukakutana na mstari wa kijani. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Iris akatoa chupa aproni, ile nyekundu, akajipinda kwenye bolti ya nne na kuweka mstari mwenyewe. Kisha akafunga kizibo.

Jumamosi jua liliwaka, jambo la nadra. Pikipiki iliwekwa kwenye mstari wa kuanzia, maua kwenye usukani, watu wamejaa kwenye kingo za barabara na juu ya matrela. Mchungaji aliomba. Nilikuwa nyuma kabisa, karibu na marobota ya nyasi, Thelma akanifuata na kunivuta mkono. "Njoo mbele. Mzee Uel ana neno lake, amelitaka mwenyewe."

Amelitaka mwenyewe! Iris alikuwa amesimama ubavuni mwake, anamnyoosha kola.

Thelma alimshikia kipaza sauti. "Wengi mnajua," Uel alisema, na sauti yake ilitoka kwenye spika zote hadi kona ya kanisa la zamani, "yaliyopita kati yangu na Norris Gault. Alikosea. Kila fundi hukosea. Wiki hii amemtengenezea mwanangu pikipiki yake, na mimi na mke wangu tumekaa tukaongea." Akameza mate. "Tumemsamehe."

Watu wakaanza kupiga makofi. Wanaume waliokuwa wakivuka barabara wakiniona walivua kofia. Kuna mama alilia. Mtu akanipigapiga mgongoni, na Uel akaninyooshea mkono wake uliopinda.

Nilikuwa na kile kipande kiganjani. Nilikuwa nimekishika tangu asubuhi, kilikuwa na joto. Nikampa mkono nikakibana katikati ya kiganja chake, ile ncha ya msumeno imemwelekea, nikabana na mkono wa pili juu yake kama wanavyofanya watu wenye mapenzi. Alikitambua. Nilimwona anakitambua. Vidole vile havikuweza kufunguka wala kujitoa, na watu wote wanatutazama, basi akabaki anatabasamu, na machozi yanamtiririka. Nilishika mpaka makofi yakaisha, nikakirudisha kipande mfukoni. Nikainama sikioni kwake nikamwambia, "Tutaonana kesho kanisani, Mzee."

Gazeti la wilaya liliweka picha yetu. Sasa gereji yangu iko wazi tena, watu wanaingia kwa mlango wa mbele, na hakuna hata mmoja asiyenitajia ukarimu wa Uel Haslett. Nimesamehewa, na nitakufa nimesamehewa. Kila Jumapili baada ya ibada nakwenda mlangoni anakokaa, kipande kiganjani, na yeye ananinyooshea mkono kwa sababu kanisa zima linatazama. Sijakosa hata moja.

Juzi Iris alikuja getini kwangu na mkate wa magadi kwenye kitambaa, ukiwa bado moto. Hakutaka kuingia.

"Uwe unambana taratibu, Norris," alisema. "Kiganja kimekuwa kidonda. Nakifunga leo, Jumapili kinafunguka."

Nikapokea mkate, nikamshukuru.

"Atazoea, Mama Clive," nikamwambia.